Kimya Alichokirekodi Babu

14 Januari

Kwako mke wangu mdogo,

Mimi mumeo nina miaka themanini na mmoja na kalamu bado naishika mwenyewe. Nimewazika mameneja watatu wa kiwanda cha nguo, na kiwanda chenyewe nacho nimekizika, siku hizi ni bohari la saruji. Nimemzika bibi yako, nimewazika ndugu zangu wote wawili, na yule daktari aliyenikataza chumvi naye nimemzika. Meno tu ndiyo yamenishinda. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema babu amechoka, mwambie aje tushikane mikono tuone nani atalia.

Baada ya salamu, sisi huku wazima. Baba yako mgongo unamsumbua lakini hasemi, ana ukaidi yule, sijui kautoa wapi. Mama yako kabadilisha mapazia. Shangazi yako sitaki kumtaja. Tangu siku ile aliponiambia mbele za watu kwamba nimekuwa kiziwi, kanuna yeye, na aliyetukanwa ni mimi. Nyumba yake na yangu zinatazamana karibu, lakini mlangoni kwangu hakanyagi. Mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Basi na akae.

Umeuliza kwa nini sipokei simu. Simu za sasa ni mbovu. Zimekuwa nyembamba kama biskuti, sauti itapita wapi? Mtu anaongea, wewe unasikia mmm, mmm, kama nyuki kwenye kopo. Na watu nao siku hizi hawafungui vinywa. Mimi kiwandani waliniita King'ora. Nilisimama mwanzo wa ukumbi nikasema neno, na msimamizi wa mwisho wa ukumbi akanijibu, mashine zote zikiwa zinafuma. Watu wa namna hiyo wameisha. Kwa hiyo tuandikiane tu.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako ameniandikia kwenye karatasi, maana siku hiyo nilikuwa nimechoka kusikiliza, kwamba unataka kuacha utafiti. Kwamba mkataba unaisha na kampuni imekuita. Sikubali. Mimi kwa kinyozi nimeshasema wewe ni daktari wa sauti na karibu utakuwa profesa. Kinyozi naye kawaambia wateja. Ukiacha, mimi nitanyolewa wapi?

Nijibu upesi. Andika herufi kubwa, karatasi siku hizi nazo ni mbovu.

Mumeo, Babu

*

9 Februari

Shikamoo mume wangu mzee,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kucheka. Mimi mzima, ila macho yanawasha na shingo imekaza. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na jirani ana mtoto anayejifunza kupiga filimbi. Mtu wa kazi yangu angetakiwa kupenda kila sauti. Mimi ya filimbi hiyo nimeichoka.

Nikueleze ukweli wa kazi, Babu, kwa sababu kwa kinyozi umeipamba. Tulioanza pamoja tulikuwa sita. Mmoja sasa anauza vifaa vya masikio dukani, anavaa koti jeupe na anapima watu. Mmoja anafundisha fizikia sekondari. Mmoja alirudi kwao na hatuandikiani. Mmoja yuko kwenye kampuni ambayo mashine zake husikiliza simu za wateja na kumwambia bosi nani amekasirika. Hiyo ndiyo kampuni iliyoniita na mimi. Tumebaki wawili, mimi na yule wa meza ya dirishani. Kila mwaka naandika maombi ya kuomba niendelee kukaa kwenye kiti ninachokalia. Nikimaliza kuyaandika, mwaka unakuwa umekwisha na utafiti sijaufanya.

Sasa imetoka nafasi moja ya kudumu. Sisi tuko wawili. Mwezi wa sita kila mmoja atasimama mbele ya jopo aonyeshe kazi yake, na mkuu wa maabara ataamua nao. Nikiikosa, nakwenda kampuni kusikiliza hasira za watu.

Kazi yangu ni hii. Natengeneza programu ya kifaa cha sikioni, kwa watu ambao masikio yao yamepungua nguvu. Mtu akiingia chumbani anabonyeza kitufe na kukaa kimya kidogo. Kifaa kinasikiliza chumba kikiwa hakuna anayesema: feni, bomba, magari ya barabarani. Kinajifunza kwamba hiyo ndiyo kelele ya hapa. Halafu watu wakianza kuongea, kinaitoa hiyo kelele na kuacha maneno.

Naomba unisaidie. Wazee wengine wote niliwarekodi mimi mwenyewe, nimekaa nao. Nahitaji mmoja aliyejirekodi peke yake, nyumbani kwake, kama kifaa kitakavyotumika kweli. Ndani ya bahasha kuna kinasa sauti. Kaa chumba chako cha nyuma. Hakikisha pametulia kabisa, hakuna anayesema. Bonyeza kitufe chekundu, nyamaza kama dakika mbili, kisha ongea chochote unachotaka. Ukimaliza kirudishe kwa posta.

Nakuomba wewe kwa sababu najua hutakosa cha kusema.

Mkeo

*

6 Machi

Mke wangu,

Marahaba. Kazi imekwisha, na imefanywa na mtu anayejua kazi.

Hapa habari si mbaya. Baba yako kapakwa dawa ya mgongo, ananuka kama gereji. Shangazi yako vilevile. Juzi tumepishana dukani, kanitazama kama mtu aliyedhulumiwa, nami nikageuza uso. Kiburi kama kile hakikutoka upande wangu.

Kinasa sauti nimekielewa mara moja. Baba yako alitaka kunionyesha, nikamfukuza aende kazini kwake. Nikafunga mlango wa mbele kwa komeo, nikafunga na madirisha, nikaenda chumba cha nyuma, nikakaa kwenye kile kiti cha bibi yako. Nikasikiliza. Pametulia. Nikabonyeza. Nikakaa mikono juu ya magoti kama napigwa picha. Nakuambia, mke wangu, kimya kama kile nyinyi na maabara yenu hamjawahi kukipata. Nzi hakupita. Ulimwengu wote ulininyamazia.

Halafu nikaongea. Nimesimulia ile siku mkanda wa mashine kubwa ulipokatika na mimi nikapiga ukelele mmoja ukumbi mzima ukasimama, watu wakapona vidole. Nimesimulia yote, na mengine ambayo hata bibi yako sikumwambia. Hao wa jopo watafurahi. Kama wanataka sehemu ya pili wataje siku.

Yule wa dirishani ana babu wa namna hii?

Mumeo, King'ora

*

20 Aprili

Shikamoo Babu,

Nisamehe kuchelewa. Kinasa sauti kilifika salama. Hapa wazima, mtoto wa filimbi amehamia kwenye wimbo wa pili.

Sauti yako imefika vizuri, inasikika kweli kweli. Nataka kukuuliza mambo madogo kabla sijaendelea. Siku uliyorekodi, ilikuwa asubuhi au mchana? Baba alikuwepo karibu? Na kuna mtu yeyote uliyemtegemea kuja siku hiyo?

Naona pia ungekwenda hospitali upimwe, mambo ya kawaida tu, presha, macho na mengine.

Kazi ni nyingi, kwa hiyo barua fupi. Usinune.

Mkeo

*

5 Mei

Mke wangu,

Mimi si mtoto. Mtu akiniuliza mambo madogo matatu mfululizo, najua kuna moja kubwa limejificha nyuma yao.

Ilikuwa asubuhi. Baba yako alikuwa kazini. Sikumtegemea mtu na mtu hakuja. Tangu mwaka uanze nani anakuja kwangu? Kinyozi anakuja, mimi nikiwa sijaenda kwake. Shangazi yako angetakiwa kuja. Mama yako kaniandikia kwamba shangazi huyo analia kwake. Analilia nini mtu ambaye miguu anayo na njia anaijua?

Hospitali sina shida nayo. Waje wao.

Kama rekodi ni mbaya, sema ni mbaya. Kama ni nzuri, nataka kusikia wamesemaje. Kwa kinyozi wananiuliza nami sina jibu, nimeanza kuvaa kofia.

Mumeo

*

24 Mei

Shikamoo Babu wangu,

Leo sitakuita mume, maana leo nazungumza na mkubwa wangu, na ninaogopa kidogo.

Rekodi zote niliziweka kwenye programu zijisafishe zenyewe, nikaenda kula. Niliporudi, za wengine zilikuwa safi. Yako ilikuwa imeliwa. Ulikuwa unaongea kama mtu aliye chini ya maji, halafu kuna mahali ulipotea kabisa, zikabaki pumzi tu. Siku mbili nilitafuta kosa kwenye hesabu zangu. Hesabu zilikuwa sawa. Ndipo nikavaa vipokea sauti masikioni na kusikiliza ile rekodi yenyewe kama ulivyonitumia, kuanzia mwanzo, ule mwanzo wa kimya.

Babu, si kimya. Shangazi yuko mlangoni. Anabisha toka unabonyeza kitufe mpaka unaanza kuongea, na anaendelea kubisha wewe ukisimulia habari za mkanda. Kwanza kwa vidole, halafu kwa kiganja. Nimesikia kila neno lake. Anasema, "Baba, najua umo ndani. Nimekuletea shuka zako, nimezifua." Ananyamaza, anabisha tena. Anasema, "Jana nimekuja, juzi nimekuja. Kama hutaki kunifungulia, sema tu hutaki, niache kusimama hapa watu wananitazama." Wewe umekaa. Nasikia kiti cha bibi kikilia ukivuta pumzi.

Sasa programu ilifanya nilivyoifundisha. Niliiambia chochote utakachosikia mwanzo ndiyo kelele ya chumba. Ikajifunza kwamba kelele ya nyumba yako ni shangazi. Ikamtoa. Na kwa kuwa sauti yako na yake ni za damu moja, ikakutoa na wewe.

Hakuna aliyekuwa ameliona hilo, hata mimi. Wazee wote nilikaa nao, nami ndiye niliyekuwa nawasikilizia kimya bila kujua kwamba nawasikilizia. Miaka minne nimetengeneza kifaa cha mtu asiyesikia, na ili kimfae inabidi kwanza asikie. Mtu kama huyo akikivaa, kitamfutia watu wake wenyewe walio mlangoni.

Nimejua la kufanya. Nataka kulionyesha jopo kosa hilo, na njia niliyoanza kuitafuta ya kulirekebisha. Ni kazi ya kweli, Babu, kubwa kuliko ile niliyokuwa nayo. Lakini ushahidi wake ni mmoja tu, rekodi yako. Wakiisikia watajua kwamba husikii. Nami siwezi kuicheza mbele ya watu bila ruhusa yako. Ndiyo kanuni yetu, na hata isingekuwa kanuni nisingeweza.

Naomba ruhusa. Jopo ni tarehe ishirini na tano Juni.

Mjukuu wako

*

10 Juni

Mjukuu,

Hakuna aliyebisha. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Hiyo mashine yako imeokota sauti za nyumba nyingine.

Nimefanya kazi katikati ya mashine maisha yangu yote na masikio yangu hayajawahi kulalamika. Wewe na shangazi yako mmekaa mkapanga. Ruhusa sitoi. Kanda hiyo ifute.

Salamu kwa wote wanaonisalimu.

King'ora

*

2 Julai

Shikamoo Babu,

Natumaini hujambo. Baba ameniambia mgongo umepoa. Mimi sijambo, nimechoka tu, uchovu wa kulala na kuamka nao.

Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya jopo. Nimeheshimu neno lako. Sikuicheza.

Nilisimama mbele yao na kuwaambia kwa mdomo kwamba kazi yangu ina kosa kwenye msingi, na nikaeleza kosa lenyewe. Wakatazamana. Yule wa dirishani, ambaye si mtu mbaya, tumekula meza moja miaka yote, akaniuliza kwa upole ushahidi uko wapi. Nikasema ninao lakini siwezi kuutoa. Mmoja wa jopo akavua miwani akaifuta, akaendelea kuifuta. Babu, sijawahi kusikia chumba kimetulia vile. Tuna chumba pale maabara kuta zake zote ni sifongo, ukikaa ndani unasikia damu yako ikitembea. Siku ile ukumbi wa jopo ulikishinda.

Baadaye mkuu wa maabara alinikuta kwenye ngazi. Aliniambia kwamba mtu aliyekuja na kazi nzima na mtu aliyekuja kuvunja kazi yake mwenyewe bila kitu mkononi hawawezi kupimwa sawa. Akasema, "Lete ushahidi kabla mwezi wa saba haujaisha. Usipouleta, nitasaini nilichonacho."

Sikuombi tena. Nakuandikia kwa sababu umezoea kupata habari. Barua ya kuikubali kampuni nimeshaiandika, iko mezani, nitaipeleka mwisho wa mwezi. Si kazi mbaya. Viti vyao vina mgongo.

Shangazi sijamwambia nilichosikia. Hilo nimewaachia nyinyi wawili.

Mkeo, ukikubali

*

16 Julai

Mke wangu,

Nimekubali. Barua hii ukishaisoma si yako, mpe mkuu wako, na hao wa jopo wasomewe kwa sauti, wasipewe kupitisha kwa macho tu. Kuanzia hapa nazungumza nao. Baba yako ameituma kwa njia ya haraka, nimemwambia asiniletee habari za bei.

Waheshimiwa,

Mimi ndiye mzee wa kwenye kanda. Mjukuu wangu hakuniomba barua hii. Aliniomba kitu kingine mwezi wa tano nikamkatalia, naye akakaa na neno langu mpaka akaaibika mbele yenu. Mtu wa namna hiyo nyinyi mnamtafutia ushahidi gani tena? Lakini mmesema mnautaka, haya.

Mimi siamini kitu kwa kuambiwa. Kiwandani meneja alikuwa akisema mashine nzima, mimi naifungua. Kwa hiyo niliposoma kwamba mtu alibisha na mimi sikusikia, nilitukana kwanza, halafu nikaifungua na hiyo. Nilimwita kinyozi wangu nyumbani, mchana, jua kali. Nikamweka chumba cha nyuma tukatazamana, magoti kwa magoti. Nikamwambia asinene neno, ila kila atakaposikia mlango wa mbele unabishwa ainue mkono, na ukinyamaza aushushe. Mwanangu wa kiume nilimsimamisha ukumbini, mahali anapoona mlango na anatuona sisi. Kabla ya hapo nilikuwa nimemtuma kwa dada yake. Alimwambia tu kwamba Baba anasema njoo ubishe. Aliuliza mara ngapi. Akamjibu, mpaka akufungulie.

Tulikaa. Mimi nasikiliza kwa nguvu zangu zote, na nguvu ninazo. Palikuwa pametulia vizuri sana. Kinyozi akainua mkono.

Nikadhani ananitania, maana ni mtu wa utani. Nikamtazama usoni, hacheki. Akaushusha. Akauinua tena. Mwanangu kule ukumbini naye anatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo. Mimi nasikia kimya tu. Mkono wa kinyozi ukakaa juu, haukushuka tena, mpaka ukaanza kutetemeka, ikabidi aushikilie kwa mkono wa pili. Nikajua kwamba huko nje binti yangu sasa anabisha kwa kiganja.

Waheshimiwa, nilikwenda kufungua. Mimi natembea polepole siku hizi, na kutoka chumba cha nyuma mpaka mlangoni ni mwendo. Nilipotoa komeo nilimkuta ameinua mkono bado, kiganja chekundu. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nikamwambia, "Sema tena, na uje karibu, maana sikusikii." Hilo neno sijawahi kulisema kwa mtu tangu nizaliwe. Alisogea akanisemea hapa, kwenye sikio la kulia, ambalo ni zima kidogo kuliko mwenzake. Alichosema hakiwahusu.

Kwa hiyo kanda ichezeni. Chezeni yote, mlango na mimi. Kila nilichosimulia kuhusu mkanda wa mashine ni kweli, na sauti mnayoisikia ni ya mtu aliyesimamisha ukumbi mzima, ila mwenyewe hasikii tena. Kama mnataka kifaa kitakachomfaa mtu kama mimi, mwacheni huyu akae kwenye kiti chake akitengeneze, maana ndiye aliyeusikia mlango wangu akiwa mbali kote huko. Huyo wa dirishani sina ugomvi naye, mtafutieni kiti kingine.

Na msiseme ni maneno ya mzee. Watakaonishuhudia wapo. Yuko kinyozi, mkono unamuuma mpaka leo. Yuko mwanangu wa kiume, aliyesimama ukumbini akaona pande zote mbili. Na yuko binti yangu, aliyebisha. Anzeni kwake yeye. Sauti yake mnayo.